Kubadilisha injini ya IST nyumbani Dar es Salaam: mwongozo kwa anayeanza

Wengi wanaokwama kubadilisha injini nyumbani hawakwami kwenye kunyanyua. Wanakwama kwa sababu walinunua injini isiyoendana na gari, au walilazimisha injini na gia boksi vikutane kwa kukaza bolti. Makosa hayo mawili ndiyo yanayomaliza fedha, na mwongozo huu utakaa hapo zaidi. Kufungua hozi na soketi ni kazi ya subira, na mtu aliyezoea kumwaga oili na kubadilisha breki pedi mwenyewe ataiweza.

Gari la mfano ni Toyota IST ya toleo la kwanza, ya mwaka 2002 hadi 2007, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, gia boksi ya otomatiki, inayovuta kwa matairi ya mbele. Injini hiyo imo pia kwenye Spacio, Raum, Probox, Sienta, Premio na Allion za cc 1,500, kwa hiyo mengi yatakufaa hata kama gari lako ni mojawapo ya hayo.

Kabla ya kutoa shilingi, hakikisha injini ya zamani imekufa kweli. Gari kumisi au kukosa nguvu kunaweza kuwa koili, plagi au throto (mlango wa kuingiza hewa kwenye injini) chafu. Injini ya kubadilisha ni ile inayogonga chini kwenye krankshafti, iliyochemka mpaka hedi ikapinda na bloku nayo ikaharibika, au inayokula oili huku kompresheni imeshuka. Kompresheni ya 1NZ-FE ikiwa nzima husoma karibu psi 213. Kiwango cha mwisho kinachokubalika ni psi 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Nunua au azima geji ya kompresheni mapema, maana utaihitaji tena dukani.

KUCHAGUA INJINI

Kwa mara ya kwanza, rudisha injini ile ile iliyokuwemo. Kama IST yako ni ya cc 1,300, injini yake ni 2NZ-FE, na ushauri utakaousikia kwa wauzaji ni kwamba uweke 1NZ kwa kuwa inakaa pale pale. Ni kweli inakaa. Lakini kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya gari lako imepangwa kulisha petroli injini ya cc 1,300, hivyo utalazimika kubadilisha kontroli boksi, na pengine waya zake, na hapo kazi inahama kutoka kwa spana kwenda kwa fundi umeme. Iache hiyo kwa gari la pili.

Hata 1NZ na 1NZ hazifanani zote. Kagua haya ukiwa bado dukani, ukiwa na picha za injini yako kwenye simu:

Throto. Kwenye IST nyingi za toleo la kwanza throto huvutwa na kebo inayotoka kwenye pedeli. Injini iliyotoka kwenye magari ya miaka ya baadaye ina throto ya umeme, haina mahali pa kebo. Ukiipenda injini hiyo kwa sababu nyingine, jua kwamba itabidi uhamishe throto yako, na uhakikishe manifoldi inaipokea.

Nok sensa, ile inayofungwa kwenye bloku kusikiliza injini ikigonga. Za zamani zina waya mmoja, za baadaye ni bapa na zina waya mbili. Hazibadilishani. Ukifunga isiyo ya gari lako taa ya injini itawaka na nguvu itapungua.

Gia boksi iliyokuwa nyuma yake. Baadhi ya 1NZ zilifungwa na gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), na bati la flaiwili linaweza kuwa tofauti. Kama la kwako ni zima, lihamishe. Kama limepasuka kuzunguka matundu ya bolti, tafuta la gari kama lako.

Mikono ya mauntingi (vishikio vya injini), sampo (bakuli la oili chini ya injini), na sehemu ya kufungia kompresa ya AC. Linganisha tundu kwa tundu.

Injini zilizotumika utazikuta Gerezani, Kariakoo, na Ilala upande wa Shaurimoyo. Nyingi zimelala sakafuni na huwezi kuzisikia zikiunguruma. Hapo omba injini ambayo bado imeshikana na gia boksi yake, hata kama gia boksi huitaki. Sababu ni moja: stata ya 1NZ hufungwa kwenye gia boksi. Bila gia boksi hakuna namna ya kuizungusha kwa stata, na bila kuizungusha kwa stata geji ya kompresheni haikuambii kitu. Ikiwa na gia boksi, muuzaji ataleta betri na waya, utatoa plagi zote nne, utafungua throto mpaka mwisho na kupima silinda moja baada ya nyingine. Injini ya baridi husoma chini kidogo, hilo ni la kawaida. Silinda moja kusoma psi 120 wakati nyingine ziko 180 siyo la kawaida, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayolibadilisha.

Kisha fungua kifuniko cha oili na umulike ndani. Rangi ya asali au kahawia ni sawa. Tope jeusi zito kama lami maana yake ilikaa muda mrefu bila kumwagwa oili, na VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) ya injini hizi hupitisha oili kwenye njia nyembamba zinazozibwa na tope hilo. Utando mweupe kama maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Ingiza kidole kwenye mdomo wa hozi kubwa ya maji: kutu nene yenye magamba inasema gari lilitumia maji matupu. Shika puli ya krankshafti uisukume ndani na kuivuta nje. Ukisikia kishindo, iache.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya injini, na usome namba hiyo mwenyewe ilipogongwa kwenye bloku. Utaihitaji mwishoni. Kwenye kirikuu, ikalishe injini juu ya tairi kuukuu na uifunge kamba. Isikalie sampo, maana bati la sampo likibonyea huziba mdomo wa pampu ya oili na injini nzuri hufa kwa kukosa oili siku ya kwanza.

MAHALI NA VIFAA

Unahitaji sakafu ya zege. Uani kwa mchanga, jeki na stendi zake huzama taratibu mpaka gari linaegemea upande. Kama zege huna, tandika mbao nene au bati la chuma pana chini ya kila stendi, na uangalie tena kila asubuhi. Wakati wa masika usianze bila turubai la uhakika, kwa sababu injini iliyofunguliwa mdomo ikipata maji ya mvua ni hasara nyingine.

Kodi cheni bloku ya tani 1 na stendi ya miguu mitatu ya bomba za chuma, miguu ikiwa imefungwa kwa mnyororo isiteleze. Ndoano ikae juu walau mita 2 na nusu. Injini na gia boksi pamoja hupita kilo 150. Usining'inize kwenye kenchi za paa, wala kwenye tawi la mwembe hata kama jirani alishafanya hivyo likakubali. Tawi halitoi onyo kabla ya kukatika.

Vifaa vingine: boksi spana namba 8 hadi 24 na racheti na ekstensheni mbili, spana za mkono namba 10, 12, 14, 17 na 19, torki renchi, mtaimbo mfupi, plaizi ya klipu za hozi, stendi 4 za jeki, dumu tupu za kumwagia, tochi ya kichwani kwa ajili ya umeme kukatika, na masking tepu ya kuandikia. Vifuko vya plastiki kwa bolti, kila kifuko na jina lake.

Nunua vipya kabla ya kuanza: oili sili ya nyuma na ya mbele ya krankshafti, sili mbili za draivu shafti, gasketi ya tapeti kava, thermostati, mkanda, plagi 4, filta ya oili, hozi mbili kubwa za rejeta, oili 5W-30 (itaingia lita 3.7 pamoja na filta), kulanti na oili ya gia boksi. Kama pampu ya maji ina alama ya kuvuja, ibadilishe sasa. Sili ya nyuma ya krankshafti bei yake ni ndogo, lakini ikivuja baadaye utashusha gia boksi upya kwa ajili yake.

KUFUNGUA

1. Kama injini bado inawaka, fanya hatua ya 2 kwanza. Toa terminali hasi ya betri, kisha chanya, na usubiri sekunde 90 kabla ya kugusa waya nyingine, kwa sababu mfumo wa eabegi hubaki na chaji. Toa betri na trei yake.

2. Kama injini bado inawaka, chomoa soketi ya pampu ya petroli na uiache injini iungurume mpaka izime yenyewe. Presha ya petroli itakuwa imeisha. Kama haiwaki, funika mdomo wa paipu kwa kitambaa unapofungua, mbali na moto wowote.

3. Toa boneti, bampa, rejeta na feni zake. Mwaga kulanti, oili ya injini na ya gia boksi kwenye dumu tofauti. Oili chafu usiimwage mtaroni.

4. Piga picha kila upande. Chomoa soketi za injekta, koili, sensa, alternata na stata. Kila soketi na tepu yake. Waya zote zibaki upande wa gari.

5. Usifungue paipu za gesi ya AC. Toa bolti za kompresa na uifunge pembeni kwa waya ikiwa na paipu zake. Utaokoa gharama ya kujaza gesi. Stelingi ya IST husaidiwa na umeme, kwa hiyo huna pampu ya stelingi ya kuhangaika nayo.

6. Fungua paipu ya eksozi, hozi za hita, kebo ya throto na kebo ya gia.

7. Draivu shafti: usitoe nati kubwa ya kati. Achia boli joinit ya loa amu, vuta nakoli (chuma kinachobeba habu ya tairi) nje, kisha chomoa upande wa ndani kwa mtaimbo, kidogo kidogo, ukikwepa mdomo wa sili. Zifunge shafti kwa waya zisining'inie kwa uzito wake. Halafu rudisha boli joinit, kwa sababu gari litahitaji kusukumwa. Ukiitoa shafti yote kwenye habu na kulishusha gari juu ya matairi, unaua beringi.

8. Injini na gia boksi vitatoka pamoja. Funga mnyororo kwenye ndoano mbili za kunyanyulia za injini. Beba uzito kidogo kwanza, ndipo ufungue mauntingi. Nyanyua inchi moja, simama, zunguka gari lote ukitafuta waya au hozi iliyosahaulika. Daima ipo moja, na mara nyingi ni waya wa athi ulio nyuma ya injini.

9. Injini ikishapita juu ya fremu ya mbele, usiisogeze. Sukuma gari lirudi nyuma, kisha shusha injini juu ya tairi. Mtu yeyote asipite chini yake ikiwa hewani.

KUUNGANISHA INJINI NA GIA BOKSI

Hapa ndipo pa kutuliza mikono. Toki konveta, lile dungu zito la mviringo lililoko mdomoni mwa gia boksi, hukaa kwenye meno ya shafti na kwenye masikio ya pampu ya oili ya gia. Ukitenganisha injini ya zamani, konveta hupenda kuja mbele sentimita moja au mbili bila wewe kugundua. Sasa injini mpya inaletwa, inabaki nafasi ndogo kati ya injini na gia boksi, na mtu anasema bolti zitavuta. Bolti huvuta kweli, na kinachovunjika ni masikio ya pampu ya gia. Gari litawaka vizuri, utaweka D, na halitasogea.

Fanya hivi. Laza gia boksi ili mdomo wake uangalie juu kidogo. Shika konveta kwa mikono miwili, isukume ndani huku ukiizungusha polepole. Itadondoka hatua moja, kisha ya pili, na mara nyingi ya tatu, na kila hatua utaisikia kwenye viganja. Weka rula ilale kwenye mdomo wa gia boksi na upime kutoka rula hadi masikio ya konveta yanayofungwa bolti. Masikio lazima yawe yamezama ndani ya mdomo. Kipimo hicho kichukue pia kabla ya kuisukuma konveta, ili uwe na cha kulinganisha.

Kwenye injini, funga oili sili mpya ya nyuma ukiipaka oili kwenye mdomo wake, kisha flaiwili. Hakikisha zile pini mbili za kulengesha zipo kwenye bloku. Nyingi hubaki kwenye gia boksi ya zamani. Bila pini, gia boksi hukaa nje ya mstari na sili ya mbele ya gia huliwa.

Sogeza injini ikutane na gia boksi kwa mikono tu. Ziba nafasi yote, mdomo kwa mdomo, ndipo uweke bolti. Kisha ingiza vidole kwenye tundu la chini na uzungushe konveta: lazima izunguke bure, na ibaki na nafasi ya milimita chache kutoka kwenye flaiwili. Ikiwa imebanwa, tenganisha urudie. Ikizunguka, isogeze mbele uifunge kwa bolti zake, kwa kawaida 6, ukizungusha krankshafti kufikia kila moja. Kama bolti moja ina rangi tofauti na zingine, hiyo ndiyo huanza.

Kabla ya kuirudisha, hamisha kutoka injini ya zamani sensa zote ambazo unajua zilikuwa nzima. Safisha kichujio kidogo cha VVT-i. Kaza plagi kwa Nm 18 (kipimo cha torki renchi), bila kuzidisha, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu.

KURUDISHA NA MAJI

Kurudi ni kinyume cha kutoka. Bolti zote za mauntingi ziingie kwa mkono kwanza, injini ikae kwa uzito wake, itikise kidogo, ndipo ukaze. Ukikaza moja kabla ya zingine, gari litatetemeka kwenye D na utalaumu injini isiyo na kosa. Nati za matairi kaza Nm 103.

Sasa thermostati. Utaambiwa uitupe kwa sababu Dar ni joto. Usikubali. Thermostati ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na bila yake injini huchelewa kupata joto lake la kazi. Kontroli boksi huendelea kudhani injini ni baridi na kumwaga petroli zaidi, petroli inachujuka mpaka kwenye oili, na ulaji wa mafuta unapanda. Gari linalochemka likiwa na thermostati nzima lina tatizo lingine: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, au kofia ya rejeta iliyochoka.

Wala usijaze maji ya kisima. Visima vingi vya pwani hapa vina chumvi, na chumvi hula aluminiamu ya hedi na nyumba ya pampu ya maji. Jaza kulanti iliyochanganywa tayari, au kulanti nzito kwa maji yaliyotoneshwa, yale yale ya betri.

Gia boksi ya kawaida ya otomatiki ya miaka hiyo inatumia oili ya Toyota aina ya T-IV. Ya CVT ina oili yake na haichanganywi.

KUWASHA

Usiwashe moja kwa moja. Chomoa soketi za injekta na za koili, toa plagi, na uzungushe stata kwa sekunde 10, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika juu. Rudisha vyote, weka swichi kwenye ON mara kadhaa bila kuwasha, na umulike paipu ya petroli. Ukiona hata tone, simama hapo.

Washa, kofia ya rejeta ikiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho. Ongeza kulanti kadiri hewa inavyotoka. Funga kofia maji yakianza kutulia, na usiondoke mpaka feni iwake yenyewe na kuzima angalau mara mbili. Kisha pitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi, na upime oili ya gia injini ikiwa inaunguruma.

Ikikataa kuwaka, fuata mpangilio. Stata inazunguka kwa uvivu na waya zinapata moto: athi ya injini haijafungwa. Inazunguka vizuri bila cheche: angalia krank sensa na fyuzi ya EFI, na mashine ya kusoma kodi itaonyesha P0335. P0340 ni kam sensa, P0325 ni nok sensa, P0011 na P0012 ni VVT-i, ambako huwa ni kichujio kichafu au soketi iliyolegea. Sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) ikipanda yenyewe, kuna hewa inaingia kwenye gasketi ya manifoldi au hozi ndogo iliyosahaulika.

Zunguka mtaani kwanza. Kisha jipeleke mwenyewe kwenye foleni ya jioni, kwa sababu kwenda kasi Barabara ya Bagamoyo kunapoza rejeta kwa upepo na kuficha feni mbovu. Gari likisimama nusu saa kwenye foleni na AC imewashwa, na taa ya joto isiwake, mfumo wa maji uko sawa. Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 1,000 na ukate filta uangalie kama ina vipande vya chuma.

Mwisho, kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani. Nenda TRA na kadi na risiti yenye namba mpya ubadilishiwe taarifa, na ujiandae gari likaguliwe. Fanya hivyo wiki ile ile. Namba zisipolingana, siku ya kuuza gari au ya kudai bima ndiyo utakayoulizwa, na wakati huo duka lililokuuzia huenda limeshahama.